Mkono Uliosubiri Kikao

Ofisini, 9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Mama pia, na kwamba mnagombana kama kawaida, maana siku mkiacha ndipo nitajua mmoja wenu anaumwa. Mimi sijambo. Chumba changu bado kinavuja upande wa dirishani, na mwenye nyumba bado anasema fundi yuko njiani. Mdogo wangu alipita hapa na lori lake, akala, akalala, akaondoka bila kuaga, kwa hiyo naye ni mzima.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hiyo ni ya Mama. Hata ukiipokea wewe, yeye ndiye anayesikiliza, na hili sitaki alisikie.

Shangazi, kamati ya mafao ya bima imekubali kutusikiliza. Unajua tangu nimeingia chama hiki cha wagonjwa wa saratani tunawaandikia jambo moja tu: kwamba ukandaji wako si ule wa hotelini wa mafuta yenye harufu nzuri na muziki. Tunawaeleza kwamba mwanamke aliyekatwa titi na kutolewa tezi za kwapani, mkono wake hujaa maji, na hakuna kidonge cha kuyatoa ila mikono ya mtu aliyeisomea kazi hiyo. Wao hujibu kwamba kukandwa ni starehe na bima hailipii starehe. Safari hii wamesema tulete mgonjwa wamwone. Nimempendekeza Mama, na chama kimekubali.

Sasa nisikilize kwa utulivu. Mwaka juzi tulimpeleka mwalimu mmoja. Mkandaji wake alimshughulikia vizuri mpaka asubuhi ya kikao. Wajumbe wakamwangalia, wakasema mama huyu mbona mzima, anadai nini? Tukarudi mikono mitupu. Kwa hiyo naomba, wiki mbili kabla ya kikao, usimkande Mama wala usimfunge bandeji. Wauone mkono unavyokuwa bima isipolipa. Mama usimweleze, maana akijua ataanza kujifanya shujaa mbele yao. Utajua la kumwambia.

Nisalimie nyumba nzima.

Binti yako


Nyumbani, 1 Machi

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Barua yako nimeisomea chooni, mahali pekee katika nyumba hii ambapo mama yako hanifuati. Sisi wazima. Amepata kazi ya kushona sare za watoto wa chekechea, basi sebule imejaa vikaptula, na kila saa ananilaumu kwamba redio yangu inampotezea mshono. Nimemwambia mshono wake ulipotea siku aliyoolewa na kaka yangu. Alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu baba yako atutoke, nafikiri hicho ndicho kinachotuweka pamoja, mimi kumchokoza na yeye kunikomesha.

Kazini si kubaya, ila si kuzuri. Chumba changu bado kiko palepale kati ya eksirei na dobi, kitanda kimoja, pazia moja, na joto la pasi linalopenya ukutani. Mganga mkuu alipitisha kichwa mlangoni akauliza mbona wagonjwa ni wachache. Nikamwambia wagonjwa si wachache, ni wanaoweza kujilipia ndio wachache. Mwanamke anakuja mara mbili, tatu, akipata nafuu kidogo anapotea. Akirudi, mkono umekuwa kama mguu. Mganga mkuu akatikisa kichwa, akafunga mlango.

Kuhusu hilo ulilosema. Wewe hujawahi kukaa ukaniangalia nikimkanda mama yako, ulikuwa shule, kisha ukawa huko. Simbonyezi kama unga. Navuta ngozi tu, polepole, kama mtu anayetandua shuka bila kumwamsha mtoto aliyelala juu yake. Naanzia shingoni, nafungua njia ya maji kupita, ndipo nashuka begani, halafu mkono wenyewe, kisha namfunga bandeji kutoka vidoleni hadi kwapani. Sijawahi kumwacha wiki nzima tangu alipopasuliwa. Ndiyo maana anashika mkasi hadi leo.

Nimekusikia, Kasuku. Kusikia si kukubali. Daktari gani amekwambia wiki mbili ni salama? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Shangazi yako


Ofisini, 18 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi nyingi tu, samahani kwa ufupi. Dirisha limetengenezwa, sasa chumba kinavuja mlangoni.

Kikao ni tarehe 16 Aprili. Daktari wetu hapa anasema wiki mbili hazina neno. Shangazi, najua ni kitu kigumu. Lakini wapo wanawake wengi mno nyuma ya Mama, hata wewe mwenyewe umesema wanapotea na kurudi wameharibika. Ni mkono mmoja kwa wiki mbili, na wao wote wapate. Ukitupilia mbali hili, sijui tutapata nafasi nyingine lini.

Anza tarehe 2. Nakuamini.

Binti yako


Nyumbani, 11 Aprili

Mwanangu,

Tunakusalimu. Mvua imeanza, paa linashika. Jirani yetu fundi viatu amehamia kwa mwanawe, kwa hiyo siku hizi hakuna wa kugonga ukuta nikiongeza redio.

Nimeacha. Nilimwambia mama yako vidole gumba vinaniuma, nahitaji kuvipumzisha. Aliniangalia kidogo, akasema, "Pole, wifi," akaendelea kushona. Hakuniuliza tena, na hilo lenyewe lilinitia wasiwasi, maana mama yako huuliza hata chumvi imetoka duka gani.

Siku za mwanzo mkono ulijizuia. Sasa umejaa mpaka kiganjani. Vidole haviingii kwenye matundu ya mkasi. Anakata kitambaa kwa mkono wa kushoto, na kwa unavyomjua, anakitukana kitambaa. Sare zimechelewa. Usiku anaulaza mkono juu ya mto na mimi najifanya nimelala. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na sikujua kwamba kazi ngumu kuliko zote ni kukaa karibu na mgonjwa nikiwa nimeiweka mikono mapajani. Naona aibu mbele yake, nakwambia wazi.

Kikao kikiisha, siku hiyohiyo naanza tena. Usinicheleweshe.

Shangazi yako


Ofisini, 17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na pole. Kwenye simu nilikwambia tu kwamba kikao kimesogezwa, kwa kuwa nilimsikia Mama akikohoa pembeni yako. Mwenyekiti wa kamati amesafiri kikazi. Tarehe mpya ni 8 Mei.

Nililoshindwa kulisema ni hili: ukianza kumkanda sasa, mkono utapungua, na yote mliyovumilia yatakuwa bure. Kwa hiyo naomba uendelee kusubiri. Najua nilisema wiki mbili. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Mwambie Mama avae gauni zuri, si lazima jipya.

Binti yako


Nyumbani, 30 Aprili

Mwanangu,

Leo salamu ni fupi. Mimi mzima. Mama yako alikuwa na homa, sasa inashuka.

Hayo maji unayoyasema, mimi naona aliyevuliwa nguo ni mwingine. Nilipoipata barua yako nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu niliamka nimeamua kwamba potelea mbali, kamati na wakae na kikao chao, mimi namkanda wifi yangu. Nilinawa mikono, nikaisugua ipate joto, nikafunua shuka. Mkono ulikuwa mwekundu kuanzia kiwiko, na ulikuwa wa moto kiasi kwamba nilihisi kabla sijaugusa. Ngozi ikijaa hivyo inapasuka popote, hata kwa sindano ya kushonea, na vijidudu vinaingia.

Mkono wenye moto haukandwi, Kasuku. Ukiukanda unausambaza ugonjwa mwilini. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyowafundisha wanaokuja kujifunza kwangu. Kwa hiyo siku niliyoamua ndiyo siku ambayo sikuweza tena. Tulimlaza wodini, akapigwa sindano asubuhi na jioni, na mimi nikawa mtu wa kumletea maji ya kunywa kama mgeni yeyote.

Nilitaka akuambie haji. Amekataa. Anasema ameshashona gauni, na kweli amelishona, kwa mkono wa kushoto, upande mmoja kawaida na upande mwingine ameupanua kama joho la askofu. Anasema hawezi kuliacha kabatini. Mdogo wako atamleta kwa lori. Mwekee kiti chenye mahali pa kuegemeza mkono.

Huyo daktari wenu, nataka kujua anaitwa nani.

Shangazi yako


Ofisini, 2 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Kulikuwa na ripoti za kuandika, kisha nilipata mafua makali, kisha mwenye nyumba akaamua kupaka rangi na sisi tumo ndani. Natumaini Mama alifika salama na amepumzika.

Kikao kilifanyika kama mlivyosikia. Hawakukubali. Wamesema ushahidi hautoshelezi. Mama alizungumza vizuri sana, wote walisema hivyo. Chama kinatafakari hatua inayofuata. Mambo haya huchukua muda, Shangazi, haraka haraka haina baraka.

Nisalimie wote. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Binti yako


Nyumbani, 20 Juni

Mwanangu,

Tumepata barua yako. Pole kwa mafua. Huku redio imeharibika na sijaipeleka kwa fundi. Nyumba imekuwa kimya na hakuna anayelalamika.

Kwa kuwa wewe hukuniambia, mama yako ameniambia. Hakuniambia siku aliyorudi, ila wiki iliyopita tulipokuwa tunapembua mchele. Alisema chumba kilikuwa na baridi ya mashine, na glasi za maji zimefunikwa kwa vitambaa. Kwamba ulimtambulisha vizuri, akajisikia fahari, akavua mtandio wauone mkono. Wakaguna. Mjumbe mmoja daktari, wa miwani, akainuka akaja kuutazama kwa karibu, akamuuliza kwa upole kama amewahi kupata huduma hiyo ya kukandwa.

Mama yako naye, kwa kutaka kunisifu, akamjibu, "Wifi yangu ananikanda tangu nilipopasuliwa. Hajaniacha hata wiki."

Daktari akawageukia wenzake, akasema, "Basi mnaona wenyewe. Amekandwa miaka yote hii, na mkono ndio huu."

Mama yako anasema hapo alikutazama wewe. Anasema ulikuwa unapanga karatasi zako.

Wasipomwona mgonjwa wanasema ni starehe. Wakimwona mzima wanasema hana shida, na wakimwona ameharibika wanasema dawa haifai. Sijui mkandaji afanye nini ili aaminiwe, labda afe yeye. Lakini hao siwalaumu sana kwa leo, hao hawanijui. Neno moja tu lingetosha mle chumbani, kwamba mkono huu uliachwa makusudi. Mama yako hakulijua, au mimi nilidhani halijui. Wewe ulilijua. Daktari aliposema vile, wewe ulijibu nini?

Uamuzi wao umefika hospitalini. Mganga mkuu aliniita, akanisomea kwamba kwa mujibu wa kamati, ukandaji haujathibitika kuwa na faida, hivyo chumba kinahitajika kwa matumizi mengine. Hakunifukuza, ni mtu mwema. Amenihamishia kwa dobi. Nakunja mashuka. Wagonjwa wangu wakija wanakuta majokofu ya dawa pale palipokuwa na kitanda.

Na mkono. Homa ilipokwisha nilianza tena kumkanda, hapa nyumbani, juu ya kitanda chake. Zamani maji yalikuwa yanasogea, unayasikia chini ya vidole yanaitika. Sasa nyama imeshupaa kama mpira. Nakanda mpaka jasho linanitoka na hakuna kinachosogea. Nimemwambia itachukua muda. Wewe nakwambia kweli, haitarudi.

Nijibu nililokuuliza.

Shangazi yako


Ofisini, 5 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nilianza barua hii mara nyingi. Mimi mzima wa mwili. Mdogo wangu amenunua tairi mpya na anazizungumzia kama watoto wake. Nimehama kile chumba, hiki hakivuji lakini hakina dirisha.

Uliuliza nilijibu nini. Sikujibu. Nilipofungua mdomo nilifikiri: nikisema tuliuacha makusudi, watasema tumewaigizia, na chama hakitakanyaga tena mle ndani, si mwaka huu wala mwaka wowote. Nilifikiri pia juu ya kazi yangu, sitakuficha. Kisha mwenyekiti akashukuru, wakahamia ajenda inayofuata, ambayo ilikuwa ya bima kulipia miwani. Kuhusu yule daktari wetu uliyeuliza jina lake, unajua tayari kwamba hakuwepo.

Kila siku naliona lile gauni. Basi nasema kazi, ndiyo ninayoijua.

Tumekata rufaa na hawakuifunga milango yote. Wamesema mwakani wanaweza kutusikiliza tena kwa sharti moja. Wanataka mgonjwa ambaye mkono umeshajaa lakini hajawahi kukandwa hata mara moja. Wataupima wao wenyewe kwanza, kisha akandwe mbele ya daktari wao, kisha waupime tena. Kwa njia hiyo hakuna atakayesema dawa haifai. Ni njia ya haki, Shangazi, na ndiyo tungeifuata tangu mwanzo.

Wewe unawajua wanawake wa huko. Kuna yeyote aliyepasuliwa karibuni, ambaye mkono unaanza kujaa na hujamgusa? Itabidi asiguswe mpaka kikao kipangwe. Pengine Machi, pengine Juni. Nikipata jina mapema, nitaanza kuandaa.

Nisamehe kwa kuuliza. Nisingeuliza kama kungekuwa na njia nyingine.

Binti yako


Nyumbani, 24 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Tunaendelea. Sare za chekechea zilimaliziwa na fundi mwingine, na cherehani tumeifunika.

Niliisoma barua yako kwa sauti, mbele ya mama yako. Nimechoka kusomea chooni. Nilipofika pale pa kuuacha mkono makusudi aliniambia niendelee tu, hilo analijua. Nikamuuliza analijua tangu lini. Akasema tangu juma la kwanza. Vidole gumba gani hivyo, akasema, vinavyomuuma mtu halafu anakamua mablanketi. Alijua kuna kitu mmepanga wewe na mimi, na alijua ni cha kikao.

Nikamuuliza, basi mbona hukusema neno, hapa au huko mbele ya wale watu?

Akasema, "Mwanangu aliniomba mkono. Ningemnyimaje? Na kule, ningesema, wangemfukuza."

Nilitoka nje nikalia, Kasuku. Nililia kwa hasira, sikujua nimkasirikie nani. Wewe, mimi, yeye, wote watatu tulikuwa tunafichana jambo moja, na kila mmoja alifikiri anamhurumia mwenzake. Kama mmoja wetu angekuwa na mdomo mchafu kidogo, mkono ungepona.

Mgonjwa unayemtaka yupo. Kila mwezi yupo mpya. Juzi alikuja mmoja kunitafuta kwa dobi, kijana, ana mtoto mchanga, kidonda bado kibichi, mkono ndiyo umeanza kuvimba vidoleni. Hajawahi kuguswa. Anafaa kabisa kwa sharti lenu. Nilimkalisha juu ya bunda la mashuka, nikamfungulia njia shingoni, nikamkanda mpaka vidole vikakunjika. Nimemwambia aje kila nikiwa zamu. Nikifukuzwa kwa hilo, nitamkanda hapa sebuleni. Kwa hiyo kamati yenu imemkosa, na atakayekuja baada yake pia itamkosa, nami najua maana yake ni kwamba huenda bima isilipe kamwe na wengine wengi wakaharibika kwa sababu yangu. Nimelifikiria. Sitamwacha aliye mbele yangu avimbe kwa ajili ya asiyekuwepo. Nimeshafanya hivyo mara moja.

Usiniombe jina tena.

Jambo la mwisho. Gauni lake lina vifungo mgongoni, na magauni yake yote yako hivyo, ndivyo alivyopenda kushona. Mkono wa kulia haufiki tena na wa kushoto peke yake haufungi. Mimi namfunga asubuhi kabla sijaenda kazini. Siku ninazoingia zamu ya alfajiri anakuwa bado amelala, basi akiamka anakaa ndani mgongo wazi, na mtu akibisha hodi hafungui.

Juma lijalo nina zamu ya alfajiri. Njoo umfunge mama yako vifungo.

Shangazi yako